Mpishi wa Wana wa Mawe

Mwalimu Eugenia hakuwahi kushika ndoano maishani mwake, na bado kila asubuhi alikuwa anavua samaki. Akishafagia uwanja na kumwagilia mchicha, aliketi kwenye meza ya chakula, akavaa miwani, akafungua kompyuta na kuingia kwenye mto uliokuwa ndani yake. Nje ya dirisha, pale Butimba, Mwanza, ziwa la kweli lilikuwa limetulia na sato wake wa kweli, wala hakulitazama. Yeye alikuwa na shughuli na kambare wa rangi ya zambarau. Kambare hao walipikwa supu, supu ilimwongezea nguvu shujaa anayekwenda vitani, na mashujaa waliokuwa wakiisubiri walikuwa wengi. Mmoja wao alikuwa mwanawe, na hakujua kwamba anapikiwa na mama yake.

Gemu lenyewe liliitwa Falme za Ukungu. Huchezwa kwa intaneti na watu walio pande zote za dunia, kila mtu na shujaa wake. Ukilicheza mpaka ukapanda ngazi zote, pale ambapo mtu mwenye akili zake angezima kompyuta akalale, ndipo unaambiwa kwamba ndiyo kwanza linaanza. Kuna ngome, ndani ya ngome kuna joka, na haendi mtu peke yake. Mnavamia watu kumi, akipungua mmoja lango halifunguki. Mmoja wenu anakuwa ngao, kazi yake kusimama mbele apigwe yeye, wawili wanaponya majeruhi, waliobaki wanashambulia. Kabla ya kwenda mnajiandaa majuma na majuma: kusaka silaha, kuchuma mitishamba, kupika, kukariri joka linapumulia moto upande upi na wakati gani. Asiyejiandaa huua wenzake. Watu wazima wenye kazi na familia walikuwa wakikosana juu ya hayo kwa uchungu kama watu wanaogombea mpaka wa shamba.

Kikosi cha mwanawe kiliitwa Wana wa Mawe, kwa heshima ya mawe ya Mwanza alikokulia, na tangu Pasaka kilikuwa kinajiandaa kuvamia Ngome ya Majivu, ngome ya mwisho. Muganyizi ndiye aliyekuwa kapteni.

Sasa, mstaafu wa watu, mwalimu wa walimu, mama anayesoma somo la pili kanisani bila kukosea nukta, alifikaje kwenye vita vya majoka? Alifikishwa na kosa.

Mwaka uliopita mumewe, Mzee Anatory, alipoanza kuvimba miguu, Muganyizi alikuwa Ujerumani kwenye ghala la mizigo, akisubiri karatasi zake za ukaazi. Akiondoka Ujerumani kabla hazijatoka, harudi tena. Na kwetu huku mtu akiwa mbali haambiwi mambo mazito. Utaratibu huo haukuandikwa popote na watu wote wanaufuata. Kijana akiuliza baba anaendeleaje, anaambiwa anaendelea vizuri, amelala, tusimwamshe. Mzee Anatory aliendelea vizuri namna hiyo mpaka akafa. Ukoo ukakaa, shemeji Osward, mdogo wa marehemu, akiwa msemaji: kijana akiambiwa atapanda ndege, akipanda ndege maisha yake yameharibika, na marehemu hafufuki. Tuzike kwanza. Eugenia alikubali. Hapana, tuseme kweli: Eugenia ndiye aliyelitamka kwanza, Osward akaliunga mkono. Jeneza lilipita Usagara, likavuka ziwa pale Kigongo, likaenda kulala kijijini kwao, chini ya migomba ya Kamachumu, na siku zote hizo Muganyizi alipopiga simu aliambiwa mtandao unasumbua.

Alipokuja kuambiwa, matanga yalikuwa yamekwisha. Hakulia. Aliuliza tu, "Kwa hiyo Jumatano niliposema unisalimie baba, ulimsalimia nani?"

Mwanawe akakata simu, na tangu siku ile hakupokea tena simu ya mama yake. Mchelea mwana kulia hulia yeye. Methali hiyo Eugenia aliifundisha kwa miaka mingi, tena aliitungia maswali ya mtihani, na kumbe hakuwa ameielewa.

Aliyemletea habari za gemu alikuwa Noela, binti wa kaka yake, mwenye kibanda cha vifaa vya simu Mabatini. Noela alikuwa anakuja Jumamosi kumsaidia kazi. Siku moja ya Kwaresima, akiwa anamenya ndizi, alisema bila kuinua macho, "Kaka Muga hajambo, shangazi. Tunacheza wote gemu. Tunaongea karibu kila siku."

"Mnaongea? Kwa mdomo?"

"Kwa mdomo. Unavaa hedifoni, unamsikia kama yuko chumba cha pili."

Eugenia aliinuka, akaingia chumbani. Aliporudi alikuwa amejitanda kanga mpya mabegani kama mtu anayekwenda kutembelea ugenini.

"Nifundishe," alisema.

Kumfundisha ilikuwa kazi. Mwezi mzima shujaa wake alitembea akigonga kuta. Alikufa kwa kuanguka darajani, alikufa kwa kung'atwa na nguruwe, na mara moja alikufa kwa kusimama tu akisoma maelezo mpaka mwisho, maana yeye hakuzoea kuruka maandishi. Noela alimchagulia kazi ya mpishi kwa sababu mpishi hahitaji kupigana, akamwandikisha kwa jina la Sufuria, na kwa kapteni alimwombea nafasi akisema ni mtu anayemfahamu, mwaminifu, ila maikrofoni yake ni mbovu. Muganyizi alimpokea. Mpishi mzuri hapatikani mara mbili.

Siku alipomsikia kwa mara ya kwanza, alilazimika kuvua miwani. Muganyizi hakuwa akisema jambo lolote la maana. Alikuwa anafoka, "Waponyaji nyuma! Nyuma jamani, mnataka kufa?" Lakini ile "jamani" aliivuta kama baba yake alivyokuwa akiivuta akiita watoto waje kula. Eugenia alikaa mpaka mazoezi yakaisha, mikono mapajani, supu ikaungua.

Tangu hapo hakukosa. Mazoezi yalianza jioni, jua la Butimba likiwa bado juu ya ziwa, na yeye alikuwa tayari amevua, amechuma, amepika na kupanga. Alimgawia kila mmoja supu yake na chupa zake za dawa, kisha akakaa kando kusikiliza. Alipotaka kusema jambo aliliandika, na aliandika kama alivyoandika ubaoni: herufi kubwa mwanzoni, nukta mwishoni.

"Chakula kiko tayari. Karibuni. Msisahau dawa ya kuzuia moto."

"Sufuria anaandika kama mtihani wa darasa la saba," alicheka Chenge, kijana wa Bariadi aliyekuwa akifanya kazi Dodoma. Chenge ndiye aliyekuwa ngao ya kikosi, mtu mwenye mwili mkubwa na mdomo mkubwa zaidi.

"Mwacheni Sufuria wangu," Muganyizi alisema. "Nyie mngekuwa mnajiandaa kama yeye, joka tungekuwa tumeshalichuna ngozi."

Sufuria wangu. Eugenia alilibeba neno hilo siku nzima ya kesho yake, sokoni na kanisani.

Lakini masikio hayachagui. Alisikia kwamba mwanawe anakohoa kikohozi kikavu, kwamba anakula wali mtupu, kwamba bosi wa ghala anamwita kwa jina lisilo lake. Alisikia, mazoezi yakiwa yamepumzika, akimsimulia Hellen, muuguzi wa Arusha aliyekuwa mponyaji wao, jinsi dada mmoja aliyempenda alivyomwacha, na jinsi alivyokaa kituo cha treni akashindwa kuinuka. Mambo hayo kijana hamwambii mama yake. Eugenia aliyasikia yote, na usiku wake aliyaombea rozari, na hakuona kama anatenda ubaya. Alikuwa anampenda. Aliona hiyo inatosha.

Uvamizi ulipangwa Jumapili. Jumatatu ya juma lile Chenge aliingia kwenye mazoezi akiwa kimya, na ukimya wa Chenge ulikuwa habari.

"Vipi, ngao?" Muganyizi alimwuliza.

"Mzee kalazwa huko nyumbani. Wananiambia siyo kitu kikubwa, nisihangaike. Nitakwenda tukishamaliza Jumapili."

Eugenia alikuwa anakoroga dawa. Mkono wake ulisimama juu ya kipanya.

"Chenge," Muganyizi alisema, taratibu sana. "Wakikwambia siyo kitu kikubwa, panda basi."

"Kapteni, tumejiandaa muda wote huu. Bila ngao hakuna uvamizi."

"Joka halina pa kwenda. Panda basi kesho asubuhi. Mimi wa kwangu nilikuwa naambiwa amelala. Nilimnunulia koti, unajua? Nikawa nauliza vipimo vya mabega, na watu wananitajia vipimo, na yeye yuko chini." Alikohoa. "Nisingepanda ndege. Sina wazimu, karatasi zangu nazijua. Ningekaa tu kwenye simu. Mtu mmoja angeishika simu juu, nikasikia watu wanavyoimba. Hawakunipa hata hiyo. Waliamua wao kipi kinanifaa kukijua."

"Pole, kaka," Hellen alisema.

"Mama yangu ndiye aliyeamua. Ndiyo maana siwezi kuongea naye. Siyo kwamba namchukia. Nikimsikia, sijui kipi anachonificha leo."

Eugenia alivua hedifoni akaziweka mezani polepole. Sauti ndogo iliendelea kutoka humo. Vipimo vya mabega alivitaja yeye. Alikwenda kabatini siku ile, akapima shati la marehemu kwa kamba, akampigia mwanawe na kumtajia, kwa sababu kukataa kungemshtua. Alikuwa amelisahau kabisa jambo hilo. Sasa lilimrudia lote, hata rangi ya kamba.

Chenge alipanda basi. Na kikosi kikawa na pengo. Yassin, mshambuliaji mwenye subira, akapelekwa mbele kuwa ngao, na kwa nafasi ya Yassin hakukuwa na mtu, maana Noela hakuwa mtu wa uvamizi. Alhamisi Muganyizi aliandika: "Sufuria, itabidi uingie na sisi. Utatupa mawe kwa mbali tu, nitakuelekeza. Ila ndani ya ngome hakuna kuandika, kule ni sauti tupu. Tafuta maikrofoni, tafadhali. Nakutegemea."

Jumamosi Noela alipofika alimkuta shangazi yake amekaa jikoni bila kupika.

"Ni rahisi," Noela alisema baada ya kusikiliza. "Mimi nitakuwa sauti yako. Nakaa hapa pembeni, wewe unacheza, mimi naitikia kwa sauti ya kuigiza. Hawezi kujua."

"Hawezi kujua," Eugenia alirudia.

"Ndiyo. Halafu mambo yakitulia, siku moja—"

"Noela, hivyo ndivyo tulivyosema tulipomzika Mzee Anatory. Mambo yakitulia." Alisimama akawasha jiko, akalizima tena. "Nimekaa ndani ya nyumba ya mtoto wangu tangu Kwaresima, nimejificha nyuma ya mlango. Na yeye anatembea humo akidhani yuko peke yake. Mimi ni mtu wa namna gani?"

"Ni mama, shangazi."

"Umama siyo ruhusa ya kila kitu." Alisema hivyo kwa sauti yake ya darasani, kisha akalia, na Noela alimshika mabega mpaka akamaliza.

Alijua anachoweza kupoteza. Akinyamaza, angebaki na ile sauti kila jioni. Akisema, mwanawe angeweza kumfungia mlango huu pia, na mlango mwingine hakuwa nao.

Jumapili alirudi kutoka misa ya pili, hakubadili hata gauni. Alipika karamu kubwa kuliko zote, akaipanga mbele ya lango la Ngome ya Majivu. Karamu ya gemu lile haidumu, ikikaa bila kuliwa hutoweka, lakini alitaka waikute. Kisha akasubiri. Muganyizi alikuwa na tabia ya kufika mapema kuliko wenzake, tabia aliyofundishwa nyumbani.

"Sufuria!" alisema alipoingia. "Umewahi. Na chakula chote hiki! Maikrofoni imepona?"

Eugenia alibonyeza kitufe. Mdomo ulikuwa mkavu kama aliyekula chaki.

"Muganyizi," alisema. "Ni mama."

Alisikia kiti kikilia upande wa pili.

"Tangu lini?"

"Tangu Kwaresima."

"Noela anajua?"

"Anajua. Usimlaumu, nilimshawishi mimi."

"Kwa hiyo Jumatatu, nilipokuwa naongea na Chenge, ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

"Na siku nilipomwambia Hellen mambo ya yule dada?"

"Nilikuwepo, baba."

"Mama!" Sauti ilipasuka. "Huwezi kuacha? Hata mara moja tu, ukamwachia mtu mwenyewe aamue anataka kujua nini na kujulikana nini? Umerudia kitu kile kile! Nilidhani hapa angalau ni kwangu."

Eugenia alikuwa mtu wa majibu. Wakaguzi wa elimu walimwogopa kwa majibu. Safari hii aliyatafuta yote akayaacha.

"Sina utetezi," alisema. "Nilikuwa nakuibia. Nimekuja kukwambia mwenyewe, kabla wenzako hawajafika, usije ukaaibika mbele yao. Ukitaka nitoke, natoka sasa hivi na sirudi. Uamue wewe."

Wenzake walianza kuingia. "Nipo!" alisema Hellen. "Nipo," akasema Yassin, na mwingine, na mwingine.

"Subirini langoni," Muganyizi aliwaambia. "Kuleni kwanza, nakuja." Akajihamisha, akamhamisha na mama yake, wakawa kwenye chumba kingine cha maongezi, wawili peke yao.

"Nisimulie," alisema.

"Nikusimulie nini?"

"Baba alivyozikwa. Usiruke kitu. Na usinipambie."

Akamsimulia. Alianza na wodi, na jinsi Mzee Anatory alivyoomba uji kisha akaukataa, na kwamba jioni ile alimtaja Muganyizi kwa jina akiuliza kama amekula. Alisimulia gari lililoharibika njiani karibu na Geita, waombolezaji wakakaa kwenye majani wakila mahindi ya kuchoma. Alisimulia wanaume waliolala nje kwenye moto, na mvua iliyonyesha ikawakimbiza, na kwaya iliyoanza wimbo kwa sauti ya juu mno ikabidi waanze upya. Hapo Muganyizi alitoa pumzi iliyokaribia kicheko. Alisimulia kaburi lilichimbwa mahali gani, kati ya mgomba upi na upi. Alisimulia padri.

"Padri alipomaliza," alisema, "nilitupa udongo mimi. Wakaita watoto wa marehemu. Akaja mdogo wako Prudencia, akatupa. Wakafuata—"

"Mtoto wa kwanza ni mimi. Nani alinitupia wa kwangu?"

Uongo ulikuwa tayari ulimini, laini, wenye nia njema kama ule wa mwanzo. Angesema shemeji Osward. Angesema mimi mwenyewe, nilitupa mara mbili, moja yako. Nani angebisha? Na kijana angelala usingizi.

"Hakuna," alisema. "Hakuna aliyekutupia, baba. Jina lako halikutajwa pale. Tulikuwa tumejibana sana kukuficha, mpaka na sisi tukakusahau. Mimi nilikumbuka tumesharudi ndani, watu wanakula."

Muganyizi akalia. Alilia kama mtoto, bila kubana sauti, na mama yake alimsikiliza bila kumwambia nyamaza. Miezi yote ile alikuwa akimsikia. Sasa ndipo aliposikia kitu alichopewa.

"Kaburi limeshajengewa?" Muganyizi aliuliza alipoweza.

"Bado. Shemeji Osward ameshapeleka saruji na vigae. Mafundi wanaingia kesho, liwe tayari kwa misa ya mwaka."

"Likishajengewa, udongo wangu nitautupa wapi?"

Eugenia alitazama ziwa kwa mara ya kwanza siku ile. Watu walikuwa wanafua nguo kwenye mawe.

"Halitajengewa," alisema.

"Mama, karatasi wamenikatalia mara moja. Nimekata rufaa. Inaweza kuwa miaka."

"Basi iwe miaka."

"Wataisema nyumba yetu. Watakusema wewe."

"Waniseme."

"Usiniahidi kwa kunihurumia."

"Sikuhurumii. Nakuambia litakavyokuwa."

Muganyizi alipenga kamasi. "Twende," alisema. "Wenzangu wamesimama muda mrefu. Na wewe uje, tukikosa wa kumi lango halifunguki."

Karamu ilikuwa imebaki makombo walipofika. Hakuna aliyeuliza kitu, ingawa sauti ya kapteni ilikuwa imekauka na kila mtu aliisikia. Lango likafunguka. Walipita ukumbi wa kwanza salama, wakapita wa pili, Muganyizi akitoa amri moja moja, na Eugenia akitupa mawe yake kwa mbali kama alivyoelekezwa. Wakafika kwa joka. Walilipunguza nguvu mpaka nusu, wakapita nusu, na Hellen alianza kusema jamani, jamani, tunaweza. Ndipo sakafu ilipowaka, na Eugenia, aliyekuwa bado anatafuta kitufe cha kurudi nyuma, akabaki amesimama katikati ya miali.

"Mama, toka kwenye moto!"

"Mama?" Hellen aliuliza. "Mama yako, kapteni? Sufuria?"

"Mama yangu," Muganyizi alisema.

"Yesu wangu. Shikamoo, mama!"

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Shikamoo, mama," alisema Yassin, na kwa kuwa alilelewa vizuri Ujiji, hakuweza kumwamkia mtu mzima huku mikono yake ikifanya jambo jingine, akaiondoa kwenye kibodi. Ngao ikashuka. Joka likageuka. "Shikamoo," alisema mwingine. "Shikamoo, mama, samahani kwa yale ya mtihani wa darasa la saba, alisema Chenge siyo mimi." Eugenia aliitikia mmoja baada ya mwingine, hakumruka hata mmoja, na joka liliwachoma mmoja baada ya mwingine kwa mpangilio ule ule. Walikufa wote kumi wakiwa katika adabu zao.

Waliangua kicheko. Muganyizi alicheka kuliko wote, kikohozi kikamkata, na kicheko kilipomwishia hakuna aliyeona vibaya kwamba alikuwa analia tena.

"Jumapili ijayo," alisema, "mama asisimame kwenye moto."

Kesho yake asubuhi Eugenia hakuvua. Alimpigia shemeji Osward kule Kamachumu. Upepo ulisikika kwenye migomba, na watu wakizungumza nyuma.

"Shemeji, mafundi wamefika?"

"Wamefika. Wanakoroga zege hapa."

"Waambie waache. Kaburi lisijengewe."

Osward alidhani hakusikia vizuri. Alipohakikisha kwamba amesikia, alisogea pembeni, na sauti yake ikawa ndogo na kali. "Shemeji, unanivua nguo. Watu wameshaalikwa misa ya mwaka. Kaburi la kaka yangu libaki tuta la udongo, kama la mtu asiye na mke wala mtoto?"

"Ana mtoto. Hajatupa udongo wake. Libaki."

"Yuko Ulaya! Mpaka lini?"

Kwa Osward, Eugenia hakuwahi kukosa la kusema. Safari hii alikaa na simu sikioni, akatafuta la kweli.

"Sijui, shemeji," alisema. "Pengine mpaka mje kunizika na mimi pembeni yake."

Osward aliwaita mafundi kwa sauti. Nyuma yake sauti ya koleo iliendelea kukwaruza zege, kisha ikakoma.